Lango Lisilofunguka: Miaka 350 ya Tonge Lililokwama

Daktari Thomas Willis wa Oxford, Uingereza, alikuwa na mgonjwa ambaye mwili wake ulikuwa mzima isipokuwa kwa jambo moja: chakula hakishuki. Mtu huyo alikuwa na nguvu zake na hamu yake ya kula. Akila, chakula kilijaa kwenye umio mpaka kikafika kooni, kisha chote kikarudi kama kilivyoingia. Willis alimpa dawa alizozijua, zikashindwa. Mgonjwa akaendelea kudhoofika kwa njaa huku sahani ikiwa mbele yake, kila siku ikiwa ya hatari kwa maisha yake.

Ndipo Willis akatafuta ufito uliotokana na sahani za kinywani mwa nyangumi, ambao ni mgumu lakini hupindika bila kuvunjika, akafunga kifundo kidogo cha sifongo kwenye ncha yake. Akamfundisha mgonjwa namna ya kuutumia. Mtu anakula, anakunywa, kisha bila kukawia anaupitisha ufito kooni, anausukuma taratibu kifuani hadi unapofika kwenye mlango wa tumbo, anaubana, mlango unaachia na chakula kinaingia. Mlo unaofuata, hivyo hivyo. Willis alipokiandika kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1674, *Pharmaceutice Rationalis*, mgonjwa wake alikuwa amekwisha kula kwa njia hiyo kwa miaka 15, na alikuwa bado hai.

Hayo ndiyo maelezo ya kwanza yanayofahamika ya ugonjwa ambao leo huitwa akalasia. Willis hakuishia kwenye ufito. Alikisia pia kwamba mlango wa tumbo wa mgonjwa wake ulikuwa umezibwa na uvimbe, au ulikuwa umepooza. Kisio la pili lilikuwa karibu sana na ukweli, lakini ilichukua miaka 250 na ushei kulithibitisha. Katika muda wote huo madaktari waliendelea kufanya kazi ileile ya ufito, yaani kulifungua lango kwa nguvu, kwa vyombo vilivyozidi kuwa bora mwaka hadi mwaka. Historia ya ugonjwa huu ni historia ya mikono iliyotangulia akili.

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25. Unaanzia nyuma ya koo, unapita kifuani nyuma ya moyo, unatoboa kiwambo na kuingia tumboni. Tonge haliporomoki lenyewe kama jiwe kisimani. Misuli hulisukuma kwa wimbi linaloanza juu na kuteremka kwa mpangilio, ndiyo maana mtu anaweza kumeza hata akiwa amelala chali. Mwisho wa mrija pana kilango cha msuli wa duara ambacho muda mwingi hukaa kimefungwa ili tindikali ya tumbo isipande. Mtu anapomeza, kilango hupata amri ya kulegea, hufunguka kwa sekunde chache, chakula hupita, kisha kilango hujifunga tena.

Mpangilio huo unaweza kuvurugika kwa njia mbili kubwa. Katika akalasia, wimbi hupotea na kilango hukataa kulegea. Chakula hujikusanya juu yake, na miaka ikipita umio hutanuka na kulegea. Katika mkazo wa umio, kilango huweza kuwa kizima, ila misuli ya mrija hukaza ovyo na kabla ya wakati, sehemu kadhaa kwa pamoja, tonge likabanwa katikati ya kifua kwa maumivu makali. Magonjwa hayo mawili yalichanganywa kwa muda mrefu, na si ajabu, kwa sababu hakuna aliyeweza kuona kinachotendeka ndani ya kifua cha mtu aliye hai.

Waliofariki ndio waliotoa ushahidi wa kwanza. Wapasuaji wa maiti walikuta umio uliotanuka kupita kiasi, lakini walipotafuta kilichouziba hawakukuta kitu. Hapakuwa na uvimbe wala kovu. Lango ambalo mtu alipokuwa hai halikuruhusu hata maji, sasa lilikuwa halina kizuizi chochote cha kuonekana kwa macho.

Ili kuona ndani ya walio hai, daktari mmoja Mjerumani aliazima ujuzi wa wachezaji wa mazingaombwe. Mwaka 1868, mjini Freiburg, Adolf Kussmaul alimtumia mmeza panga. Ikiwa mtu huyo aliweza kunyoosha shingo na kuteremsha chuma kirefu bila kujidhuru, basi angeweza pia kumeza bomba. Kussmaul alimpitishia bomba gumu la sentimita 47, akathibitisha kwamba njia ya kwenda tumboni inapitika kwa chombo kilichonyooka. Mwanga aliokuwa nao ulikuwa hafifu mno kumwezesha kuona mengi, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Mwaka 1881, mjini Vienna, Johann von Mikulicz alikwenda mbele zaidi. Mpasuaji huyo kijana, aliyekuwa msaidizi wa mpasuaji Theodor Billroth, alishirikiana na fundi wa vyombo Josef Leiter kutengeneza bomba la kuchungulia umio lililokuwa na mwanga wake lenyewe: uzi wa platinamu uliowashwa kwa umeme huku maji yakizungushwa kuupoza usimuunguze mgonjwa. Mikulicz ndiye aliyeupa ugonjwa jina lililodumu kwa miongo kadhaa, kadiospazimu, kwa imani kwamba kilango kimekaza. Kwa maelezo hayo, kosa lilikuwa la msuli uliozidisha nguvu.

Mwaka 1888 Samuel Meltzer na Max Einhorn, madaktari wawili waliokuwa New York, walitoa maelezo tofauti kila mmoja kwa upande wake. Kwao kilango hakikuzidisha nguvu. Kilishindwa tu kulegea wakati wa kumeza. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo kwa asiyeumwa, maana mlango uliobanwa na mlango usiofunguka vyote humwacha mtu nje. Lakini mmoja unaelekeza lawama kwenye msuli, mwingine kwenye mishipa ya fahamu inayouamuru. Ushahidi wa kuamua kati ya pande hizo haukuwepo bado.

Palipokosekana ushahidi, lawama ilimwangukia mgonjwa. Mwaka 1889, Hamilton Osgood wa Boston alieleza katika jarida la kitabibu la mji huo habari za wagonjwa sita ambao walipokuwa wakila walishikwa ghafla na maumivu ya kifua, chakula kikasimama, kisha kikashuka ghafla tumboni. Ni maelezo safi ya mkazo wa umio ambayo daktari wa leo angeyatambua mara moja. Lakini miaka mitatu baadaye William Osler, katika kitabu chake cha kufundishia ambacho kilikuja kusomwa na wanafunzi wa udaktari wa nchi nyingi, aliuweka mkazo wa umio miongoni mwa mambo yanayowapata watu wenye histeria na wale wanaojidhania wagonjwa. Jina la Osler lilikuwa kubwa, na kauli hiyo ilidumu. Mtu aliyesema tonge limemkwama aliweza kuambiwa apumzishe akili.

Mwanga mpya ulitoka maabara ya Harvard. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwishoni mwa 1895. Mwaka mmoja baadaye, Walter Cannon, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, alipewa na mwalimu wake Henry Bowditch kazi ya kuitumia mionzi hiyo kuchunguza kumeza. Cannon na mwanafunzi mwenzake Albert Moser walianza na mbwa aliyemezeshwa kifungo cha lulu. Kisha wakamchukua bata bukini, kwa sababu shingo yake ndefu iliwapa nafasi ya kutosha kufuatilia. Bata aliwekwa kwenye sanduku, shingo ikachomoza juu, ikanyooshwa na kola ndefu ya kadibodi asigeuke huku na huku. Alipewa chakula kilichochanganywa na chumvi ya madini ya bismathi, ambayo mionzi haipenyi, na kwenye kioo kinachong'aa madoa meusi yakaonekana yakiteremka shingoni moja baada ya jingine.

Kwa mara ya kwanza kumeza kulitazamwa kukitendeka. Baadaye chumvi ya bariamu ilichukua nafasi ya bismathi, na mpaka leo mgonjwa mwenye shida ya kumeza huweza kupewa kikombe cha uji mweupe wa bariamu na kusimamishwa mbele ya mashine ya eksirei. Katika akalasia picha huonyesha umio mpana unaoishia kwenye ncha nyembamba iliyochongoka. Cannon mwenyewe hakujua hatari ya mionzi aliyoichezea. Iliunguza ngozi yake, na madhara yake yalimwandama hadi uzeeni.

Wakati wanafiziolojia wakitazama vivuli, watibabu hawakungoja. Henry Plummer wa Mayo Clinic, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, alichapisha mwaka 1908 taarifa ya wagonjwa 40 wa kadiospazimu. Njia yake ilimtaka mgonjwa ameze kwanza uzi wa hariri. Uzi uliteremka, ukapita tumboni na kujishika kwenye utumbo, kiasi cha kuweza kuvutwa ukanyooka bila kutoka. Juu ya uzi huo uliokazwa ndipo daktari alipopitisha chombo chake kwa usalama, bila hofu ya kutoboa ukuta wa umio, mpaka mfuko mwembamba ukakaa katikati ya kilango. Mfuko ukajazwa maji kwa shinikizo, na kilango kikatanuliwa kwa nguvu. Mikulicz naye, akiwa sasa profesa mjini Breslau, alikuwa ameeleza mwaka 1904 njia ya kulipasua tumbo na kulitanua lango kutoka chini.

Kutanua kulisaidia wengi. Wengine walirudi baada ya muda wakiwa kama mwanzo.

Tarehe 14 Aprili 1913, mjini Leipzig, mpasuaji Ernst Heller alimpasua mwanamume wa miaka 49 aliyekuwa amesumbuka na kumeza kwa miaka 30. Ukuta wa umio una tabaka la misuli kwa nje na utando laini kwa ndani. Heller alikata misuli ya kilango kwa urefu, mbele na nyuma, akiuacha utando wa ndani mzima. Utando ulipotokeza kwenye ufa wa misuli, lango halikuwa tena na nguvu ya kujifunga. Mgonjwa akapona shida yake ya kumeza. Muongo mmoja baadaye Johannes Zaaijer wa Leiden, Uholanzi, alionyesha kwamba mkato mmoja wa mbele unatosha, na kwa sura hiyo nyepesi operesheni ya Heller imeendelea kufanywa kwa zaidi ya karne nzima.

Kuenea kwake hakukuwa kwa haraka. Wapasuaji wengi walipendelea kuunganisha umio na tumbo kwa tundu jipya, wakilikwepa lango lenyewe. Chakula kilishuka, lakini tindikali ilipanda bila kizuizi, na baada ya miaka michache mgonjwa alirudi akiwa na vidonda vya umio na kutokwa damu. Mwaka 1949 Norman Barrett na Richard Franklin wa London walilinganisha matokeo ya njia hizo, wakaonyesha jinsi uunganishaji huo ulivyowaumiza wagonjwa. Baada ya hapo njia ya Heller ilirudi mbele.

Tuligeukie sasa swali lililobaki nyuma: kwa nini kilango hakilegei?

Arthur Hertz, daktari wa Guy's Hospital ya London, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alibadili jina la ukoo kuwa Hurst, alikuwa ameona kwamba bomba la mpira lililojazwa zebaki huteremka katika kilango cha mgonjwa kwa uzito wake tu, bila kusukumwa. Kilango kilichokaza kwa nguvu kisingeruhusu hivyo. Akaafikiana na rai ya kushindwa kulegea, na kwa pendekezo la mwenzake Sir Cooper Perry akaanza kuuita ugonjwa huo akalasia. Bomba lake la zebaki nalo likawa tiba. Wagonjwa walijifunza kulimeza wenyewe nyumbani kabla ya kula.

Hurst ndiye huyohuyo aliyepata umaarufu kwa kuwatibu kwa maneno ya kushawishi askari waliopooza au kutetemeka kwa mshtuko wa vita, kazi ambayo ilirekodiwa hata kwenye filamu. Kama kuna daktari wa zama zake aliyezijua dalili zinazotoka akilini, ni yeye. Na yeye ndiye aliyeshikilia kwamba akalasia haimo katika kundi hilo. Mwaka 1927 Geoffrey Rake wa hospitali hiyohiyo alichapisha uchunguzi wake wa hadubini: katika ukuta wa umio wa waliokufa na akalasia, mtandao wa neva ulio kati ya matabaka ya misuli ulikuwa umeharibika. Mtandao huo unaitwa kwa jina la Leopold Auerbach, mwanasayansi wa Breslau aliyeueleza katika miaka ya 1860. Kilichokuwa kikitafutwa kilikuwemo katika ukuta wenyewe, ila kilihitaji hadubini.

Uthibitisho mzito zaidi ulitoka Brazili, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki unagusa jambo analolijua. Mwaka 1909, katika mji mdogo wa Lassance, jimbo la Minas Gerais, daktari Carlos Chagas aligundua kimelea kipya katika damu ya binadamu, akakiita *Trypanosoma cruzi* kwa heshima ya mwalimu wake Oswaldo Cruz. Kimelea hicho ni cha ukoo mmoja na vile vya malale vinavyoenezwa na mbung'o katika nchi zetu. Tofauti ni kwamba cha Brazili huenezwa na kunguni mkubwa anayejificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, akatoka usiku kunyonya damu ya waliolala na kuacha kinyesi chenye kimelea kwenye ngozi.

Katika mashamba ya ndani ya Brazili watu walikuwa wakisumbuliwa na tatizo la kukwamwa na chakula tangu karne ya 19, na lilikuwa na jina lake la mitaani kabla Chagas hajazaliwa. Chagas mwenyewe alihisi kwamba huenda lina uhusiano na kimelea chake, lakini hakuweza kuthibitisha. Kazi hiyo ilifanywa na Fritz Köberle, mtaalamu wa patholojia kutoka Austria aliyehamia mwaka 1953 kwenye chuo kipya cha udaktari mjini Ribeirão Preto. Njia yake ilitaka subira kuliko werevu. Alikata maumio ya marehemu kuwa vipande vyembamba, akavitia rangi, akahesabu seli za neva moja moja chini ya hadubini, kisha akalinganisha na maumio ya watu waliokufa kwa sababu nyingine. Hesabu ilitoka wazi. Waliokuwa na umio uliotanuka walikuwa wamepoteza karibu seli zote.

Ugonjwa wa Chagas ulifanya kile ambacho hakuna mtafiti angeruhusiwa kukifanya kwa makusudi: uliua neva za umio na kuacha misuli hai, na matokeo yakawa akalasia. Nje ya mabara ya Amerika chanzo ni kingine. Wataalamu wengi wanaona kwamba kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoshambulia seli hizo, hasa zile zinazotoa amri ya kulegea. Zikiisha hizo, zinabaki za kukaza tu. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Kila mwaka hugunduliwa kwa takriban mtu mmoja katika kila watu 100,000, wanaume kwa wanawake, wa umri wowote.

Mkazo wa umio ulisubiri chombo kingine. Mwaka 1934 Herman Moersch na John Camp wa Mayo Clinic walieleza wagonjwa ambao sehemu ya chini ya umio wao ilionekana kwenye eksirei ikiwa imejikaza hapa na pale, ikiacha vifundo vingi mfululizo. Lakini mkazo huja na kuondoka. Mgonjwa akifika kwenye mashine siku ambayo umio umetulia, picha hutoka safi, na shaka ya zamani kwamba anajidhania tu hurudi. Shida nyingine ni kwamba maumivu yake hukaa palepale yanapokaa maumivu ya moyo, na vidonge vya nitrogliserini vinavyotuliza moyo hulegeza pia misuli ya umio. Mtu akipata nafuu kwa kidonge hicho, huwezi kusema kwa uhakika kipi kati ya viwili kilikuwa kikiuma.

Jibu lilikuwa kupima shinikizo. Katika miaka ya 1940 na 1950 watafiti wa Boston na Mayo Clinic walipitisha puani mirija myembamba iliyounganishwa na vipimo vya shinikizo, mgonjwa akameza maji kidogo kidogo, na kalamu zikachora kila wimbi kwenye karatasi. Mwaka 1956 Charles Code na wenzake wa Mayo walionyesha kwa namba kwamba kilango cha chini kipo kweli. Kabla ya hapo wanaanatomia walikuwa wakibishana, kwa sababu ukimpasua maiti huoni pete ya msuli iliyo dhahiri. Kilango hujulikana kwa kazi yake kuliko kwa umbo lake.

Kiongozi wa upande wa Boston alikuwa Franz Ingelfinger, mzaliwa wa Ujerumani, ambaye baadaye alikuwa mhariri wa jarida maarufu la tiba la *New England Journal of Medicine* kuanzia 1967 hadi 1977. Alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye eneo lile dogo ambapo umio hukutana na tumbo. Akapata saratani palepale. Katika makala iliyochapishwa mwaka 1980, baada ya kifo chake, alieleza jinsi yeye na jamaa zake, ambao baadhi yao walikuwa madaktari, walivyofurikwa na ushauri uliopingana kutoka kwa marafiki wenye nia njema, mpaka daktari mmoja mwenye busara akamwambia kwamba anachohitaji ni daktari wa kumwamulia. Bingwa wa umio wa zama zake alikuwa amekosa mtu wa kumshika mkono.

Tangu hapo vyombo vimeendelea kunoa macho. Katika miaka ya 1990 Ray Clouse wa St. Louis alianza kutumia mirija yenye vihisio vilivyopangwa karibu karibu, na kuyageuza masomo yake kuwa ramani ya rangi. Kutokana nayo wataalamu waliandaa mwongozo unaojulikana kama uainishaji wa Chicago, ambao toleo lake la nne lilitoka mwaka 2021. Mgonjwa humeza maji kidogo mara 10 akiwa amelala, na ikiwa angalau mara 2 kati ya hizo wimbi linakuja kabla ya wakati wake, huku kilango kikilegea vizuri na mgonjwa akiwa na dalili zenyewe, huo ni mkazo wa umio. Yale yaliyoitwa histeria katika karne ya 19 sasa yanapimwa kwa sekunde.

Na tiba? Mwaka 1991 timu ya Alfred Cuschieri mjini Dundee, Scotland, ilieleza operesheni ya Heller iliyofanywa kwa kamera kupitia matundu madogo ya tumbo. Katikati ya miaka ya 1990 Pankaj Pasricha na wenzake wa Johns Hopkins walidunga kwenye kilango sumu ya botulinamu, ileile inayopooza misuli, wakapata nafuu ambayo kwa wengi huisha baada ya miezi. Mwaka 2008 Haruhiro Inoue wa Yokohama, Japani, alipitisha kamera mdomoni, akatoboa utando wa umio kwa ndani, akachimba njia kati ya utando na misuli hadi kwenye kilango, akakata misuli bila kuacha kovu hata moja nje ya mwili. Taarifa yake ya wagonjwa 17 wa mwanzo ilichapishwa mwaka 2010.

Pamoja na ufundi huo wote, puto la kutanua bado halijashindwa. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 uliwagawa wagonjwa 201 kati ya puto na operesheni ya Heller. Baada ya miaka miwili, asilimia 86 ya waliotanuliwa kwa puto walikuwa wamefanikiwa, dhidi ya asilimia 90 ya waliopasuliwa, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Wazo la Plummer, pasipo uzi wa hariri, limesimama imara. Na hakuna hata moja kati ya njia hizo inayorudisha neva zilizokufa. Zote hulegeza lango, kisha zikauachia uzito wa chakula ufanye kazi iliyokuwa ya wimbi. Ndiyo maana mgonjwa aliyetibiwa vizuri bado hushauriwa ale akiwa ameketi wima, atafune sana, ateremshie maji, na asilale mara tu baada ya chakula cha usiku.

Katika Afrika Mashariki historia hii ina sura ya ziada. Ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa saratani ya umio kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek, katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, imepata uzoefu mkubwa wa kuweka mirija ya chuma inayotanuka yenyewe ili wagonjwa wa saratani hiyo waweze kumeza tena. Watafiti waliopima joto la chai inayonywewa mkoani Kilimanjaro walikuta wastani wa takriban nyuzi 70, wakati shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio.

Kwa hiyo hapa kwetu mtu akisema chakula kinamkwama, daktari mwangalifu huiwazia saratani kwanza, na ana haki. Kamera ya kuchungulia umio ni lazima, kwa sababu uvimbe mdogo kwenye lango unaweza kujifanya akalasia hata kwenye picha ya bariamu. Hatari ya upande wa pili ni kwamba kamera ikikuta hakuna uvimbe, uchunguzi huishia hapo. Mgonjwa anarudishwa nyumbani na dawa za kiungulia. Wengine, kwa sababu chakula kilichobaki kwenye umio hupanda usiku na kuwaingia mapafuni, hutibiwa kikohozi, pumu au hata kifua kikuu kwa miezi. Mashine za kupima shinikizo la umio ni chache, lakini picha ya bariamu, chombo cha zama za Cannon, inapatikana katika hospitali nyingi za rufaa, na operesheni ya Heller inafanywa na wapasuaji wa ukanda huu.

Msomaji azingatie dalili. Anayekwamwa kwanza na nyama au ugali, kisha wiki au miezi baadaye na uji, hadi mwisho maji yenyewe, huenda ana kitu kinachokua na kuziba njia, naye asingoje hata wiki nyingine. Anayekwamwa na maji sawa na ugali tangu mwanzo, mwenye kucheua chakula ambacho hakina uchungu wa tindikali, au anayeamka usiku akipaliwa, yawezekana shida yake iko kwenye neva na misuli. Maumivu ya kifua yachunguzwe moyo kwanza, kila mara, kabla umio haujalaumiwa. Na aliyeambiwa kwamba kamera haikuona kitu huku tonge likiendelea kukwama, arudi hospitali na aombe kipimo cha kumeza bariamu.